Dume Asiyeulizwa Ukoo

Rhobi alifungua zizi kabla ya kuwasha moto. Miezi hiyo hakuweza kukoroga uji bila kujua kwanza nani amezaa na nani amekufa.

Kondoo wake majike walikuwa kumi na wanne. Yule mwenye masikio meusi alikuwa amezaa alfajiri. Mwanakondoo alilala ubavu juu ya samadi, mdogo kama sungura. Rhobi alimwinua. Miguu ya mbele ikajikunja. Akampeleka kwenye chuchu ya mama yake. Taya la chini lilikuwa fupi na midomo haikukutana. Alipojaribu kunyonya, maziwa yalimwagika pembeni.

"Wa tano," Rhobi alisema.

Ilipofika saa nne, mwanakondoo alikuwa amekufa. Felista, jirani yake, alikuja kuazima ungo akamkuta anachimba shimo nyuma ya zizi.

"Mwingine?" Felista aliuliza.

"Mwingine."

"Mama Neema, mimi nakwambia kuna mtu ana jicho baya kijijini hapa."

"Anayepita kwenye zizi langu kila siku ni wewe, Felista."

"Basi sema ni mimi!"

"Kama ni wewe, lifumbe mpaka kondoo wamalize kuzaa. Ungo uko jikoni."

Walicheka, lakini si sana.

Mchana simu iliita. Alikuwa Nchagwa, mume wake. Alifanya kazi ya ulinzi mgodini Nyamongo na alikuja nyumbani Kisaka mara moja kwa mwezi.

"Wamebaki wangapi?" aliuliza.

"Wamezaliwa saba. Wamekufa watano."

"Na mwaka jana?"

"Mwaka jana unajua mwenyewe."

"Rhobi, huo si ufugaji. Ni kuchimba makaburi. Nawapa uzao mmoja tu. Wakifa tena, nauza wote, unakuja huku tufungue mgahawa. Watu wa hapa wanakula usiku na mchana."

Rhobi hakutaka mgahawa. Hakutaka chumba kimoja cha kupanga, vumbi la magari na honi za bodaboda. Alitaka shamba lake la mihogo na kondoo wake. Majike wanne wa kwanza alipewa na mama mkwe wake, Mokami, mwaka alipoolewa. Mokami alikuwa amefariki. Kondoo wakiuzwa, hakuna kingine kitakachomweka Rhobi pale.

Kwenye zizi lile alikuwamo pia dume mmoja, Askari. Alikuwa mkubwa, mwekundu, mkia mnene, na alipiga kichwa kila mgeni aliyepita bila kubisha hodi. Mokami ndiye aliyemlea. Mama yake Askari alikufa siku ya kuzaa, na Mokami akamnywesha maziwa kwa chupa jikoni kwake. Sasa Mokami hakuwapo, na Mzee Wangwe, baba mkwe wa Rhobi, alimpenda dume yule kuliko kitu kingine chochote kwenye mji wake. Kila jioni alimkuna kichwani kwa ncha ya fimbo.

Siku tatu baadaye Rhobi alimpigia simu afisa mifugo wa kata. Alikuwa mwanamke kijana aitwaye Winfrida. Alifika kwa pikipiki, amevaa buti za mpira, na hakupoteza muda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu, daktari," Mzee Wangwe alijibu kutoka kwenye kigoda chake.

Winfrida aliingia zizini. Alifunua kope za kondoo mmoja mmoja, akatazama rangi ndani. Alipapasa migongo. Aliokota kinyesi kibichi akakitia kwenye mfuko mdogo.

"Nitakipima. Lakini macho yao ni mekundu vizuri, sioni dalili kubwa ya minyoo. Hao waliokufa walikuwaje?"

Rhobi alimweleza. Wadogo sana. Miguu imejikunja. Taya fupi. Wengine wazima wa kuangalia, lakini hawana nguvu ya kusimama.

"Dume wenu ni huyu? Ana miaka mingapi hapa?"

"Sita."

"Huyu jike mwenye masikio meusi, baba yake nani?"

"Askari."

"Na mama yake huyo jike, baba yake nani?"

Rhobi alitazama chini. "Askari."

"Yule pale wa madoa?"

"Askari."

Winfrida alisimama wima. "Kwa hiyo mwanakondoo mliyemzika juzi, Askari ni baba yake, ni babu yake, na ni babu wa mama yake pia."

Rhobi aligeuza uso upande wa migomba. Mzee Wangwe alikuwa hatua kumi tu kutoka pale, na alikuwa anasikia. Kwa Wakurya, mkwe na baba mkwe hawapeani mikono, hawaketi karibu, na habari za dume kupanda jike hazitajwi kati yao hata kidogo. Ndiyo maana kwa miaka sita kila mmoja wao aliona na hakuna aliyesema.

Winfrida hakuwa mkwe wa mtu pale. Aliendelea.

"Dume akipanda binti zake na wajukuu zake, udhaifu uliojificha kwenye damu unakutana na kujitokeza. Wanazaliwa wadogo, wenye vilema, wasiohimili ugonjwa. Wakati mwingine majike hawashiki mimba kabisa. Si kila mwanakondoo anayekufa amekufa kwa sababu hiyo. Lakini hapa kwenu naiona wazi. Huyu dume lazima aondoke kwenye zizi hili."

"Aende wapi?" Mzee Wangwe aliuliza.

"Mumuuze, mumchinje, au ahasiwe. Chagueni."

Mzee Wangwe aliinuka. "Binti, pikipiki yako iko pale."

"Nimeiona, mzee."

"Huyu dume kalelewa na mke wangu. Hauzwi. Hachinjwi. Na kisu cha mtu hakimgusi."

Alichukua fimbo yake akaenda zake. Winfrida alivuta pumzi.

"Nimesema vibaya?"

"Umesema kweli," Rhobi alisema. "Ila umeisema yote mara moja."

"Ipo njia nyingine. Mnaweza kubadilishana na mfugaji wa mbali, dume kwa dume. Anabaki hai, anaendelea kufanya kazi kwingine. Majirani zako wana madume?"

"Felista anaye. Ni mtoto wa Askari. Wa kule bondeni ni mjukuu wake."

"Basi kijiji kizima ni mkwe wa Askari! Nitawatafutia wa mbali. Lakini mzee lazima akubali."

Jioni ile Mzee Wangwe alikuja zizini kama kawaida kumkuna Askari. Rhobi alikuwa ndani akikusanya samadi. Hakuweza kumsemesha mzee jambo lile. Basi alimgeukia dume.

"Wewe Askari," alisema kwa sauti, "wewe una bahati. Mwaka jana shemeji yangu Sadock alileta msichana hapa. Mzuri, mchapakazi, ana cheti cha ushonaji. Akaulizwa ukoo wa baba yake. Akaulizwa ukoo wa mama yake. Ikaonekana mababu wa mababu zao walikaa mji mmoja, ni ndugu. Akarudishwa kwao hata chai hajamaliza."

Fimbo ya mzee ilisimama.

"Wewe umeoa binti zako, Askari. Umeoa na wajukuu zako. Hakuna aliyekuita kwenye kikao. Hakuna aliyekuuliza ukoo. Mama aliyekunywesha maziwa kwa chupa, kondoo wake wanaisha. Uzao mmoja tu umebaki; wakifa tena, wauzwe na mimi niende Nyamongo kuuza chapati. Haya, sogea nizoe samadi."

Askari hakusogea. Mzee Wangwe alikohoa. Kisha akaondoka.

Asubuhi Rhobi alisikia sauti yake nje, akimwambia Sadock: "Huyo binti wa pikipiki ana namba ya simu?"

Winfrida alimpata Athumani, fundi baiskeli wa Mugumu. Nyuma ya nyumba yake alifuga kondoo ishirini, na dume wake alitoka upande wa Robanda. Siku ya kwenda kumwona, Mzee Wangwe alivaa koti. Sadock aliendesha pikipiki, na Winfrida aliwatangulia.

Dume wa Athumani alikuwa mweupe, kichwa cheusi, mrefu wa miguu. Winfrida alimfunua mdomo, akatazama meno. Alipapasa korodani.

"Zote mbili ziko chini, zinalingana, hazina uvimbe," alisema. "Mwenye korodani moja msimchukue kamwe."

Mzee Wangwe hakuwa na haja na meno. "Kazaliwa kwa nani?" alimuuliza Athumani.

"Kwa Mseti, Robanda."

"Mama yake?"

"Jike mweupe, alizaa mapacha mara mbili."

"Mama wa mama yake alitoka wapi?"

Athumani aliweka spana chini. "Mzee wangu, unanunua kondoo au unaposa?"

"Naposa," Mzee Wangwe alisema.

Wote walicheka isipokuwa yeye. Akaendelea: "Na wewe nikuulize. Ninyi Idd ikifika mnachinja kondoo. Dume wangu je?"

Athumani aliacha kucheka. "Mzee, huyu wako nitampokea kama amana. Amana haichinjwi. Kama siku moja simtaki tena, nitakupigia uje umchukue. Njoo umwone wakati wowote."

Mzee alifikiri kidogo. "Nitakuja kila mnada."

Winfrida aliwaandikia kibali cha kusafirisha mifugo, na wiki ile ile madume wakabadilishana. Asubuhi ya kuondoka, Mzee Wangwe mwenyewe alimfunga Askari kamba, akampandisha kwenye pikipiki ya matairi matatu. Askari alimpiga dereva kichwa. Mzee akatazama pembeni mpaka walipopotea.

Sadock alitaka kumwingiza mgeni zizini siku hiyo hiyo. Winfrida alikataa.

"Akae peke yake wiki tatu. Mbali na wenzake, chombo chake cha maji, majani yake. Kama ana ugonjwa, utaonekana kabla hajawagawia wengine. Leo mpeni dawa ya minyoo kwa uzito wake, si kwa kukisia. Mumwogeshe dawa ya kupe. Mkikisia mkampa kidogo, minyoo hawafi, wanaizoea dawa."

"Na madume wadogo wawili waliopona?" Rhobi aliuliza.

"Wahasiwe. Ndipo uwanenepeshe uuze. Dume mmoja anatosha majike ishirini na tano, thelathini. Wadogo wasiohitajika wasiachwe. Wakifika miezi minne wanaanza kupanda mama zao na dada zao."

"Na huyu mgeni akae miaka mingapi?"

"Mwaka mmoja, usizidi. Jike huanza kupandwa akiwa na miezi sita au saba. Ukichelewa, mabinti zake watakuwa wamekua, na utarudi pale pale. Andika kila anayezaliwa: tarehe, mama, baba."

Rhobi alichukua daftari la zamani la bintiye Neema, lenye kurasa tupu nyuma. Aliandika majina ya majike wote kumi na wanne. Ukoo wa mmoja hakuukumbuka. Kutoka kwenye kigoda, Mzee Wangwe alisema bila kumtazama, kana kwamba anaongea na mbwa: "Yule wa mkia mfupi ni mzao wa jike wa pili wa Mokami."

Rhobi akaandika.

Kondoo hubeba mimba miezi mitano. Dume mgeni aliingizwa kwa majike mwezi wa tano. Mwezi wa kumi, mvua za vuli zilipoanza, majike wakaanza kuzaa.

Nchagwa alifika Jumamosi na mnunuzi wa kondoo kutoka Nyamongo, mtu mwenye viatu vyeupe. Hakuwa ametoa taarifa. Rhobi aliwaona wakisimama kwenye uzio, akaendelea kupepeta mahindi. Zizi lingesema.

Wanakondoo kumi na mmoja walikuwa wanakimbizana. Wote walisimama kwa miguu yao. Wengi walikuwa na vichwa vyeusi. Kondoo waliozaa walikuwa kumi na mmoja, na mmoja wao alizaa mapacha. Mwanakondoo mmoja tu ndiye aliyekufa, na huyo alikanyagwa.

Nchagwa alihesabu. Akahesabu tena.

"Nichague wangapi?" mnunuzi aliuliza.

Mzee Wangwe alifika nyuma yao na fimbo yake. "Mura, kijana wangu," alimwambia mwanawe, "mwambie rafiki yako wale wawili waliohasiwa wamenona. Hao wengine waache kwanza kunyonya."

"Baba, mimi na Rhobi tulikubaliana..."

"Mlikubaliana wakifa. Unaona aliyekufa?"

Nchagwa alimtazama mkewe. Rhobi alipepeta mahindi. Mnunuzi akaondoka na wale wawili, na habari ya mgahawa haikutajwa tena.

Wanakondoo walipotimiza miezi minne, Felista alikuja kumwomba mzee dume mmoja wa kichwa cheusi.

"Wako yuko wapi?" mzee aliuliza.

"Nimemuuza. Si mlisema ni mtoto wa Askari?"

"Na majike wako, baba yao nani?"

"Mzee, nawe! Ni yule yule mtoto wa Askari."

"Na huyu unayemtaka, mama yake ni binti wa Askari. Ni ndugu. Sikupi. Nenda kwa Athumani, Mugumu, umuulize dume asiye wa damu ya Askari. Uliza mpaka mama wa mama yake."

Felista alimgeukia Rhobi. "Mama Neema, huyu mzee amekuwa mshenga wa kondoo!"

Rhobi aliingia jikoni akacheka huko.

Siku hizi akiamka anawasha moto kwanza. Uji ukishaiva, ndipo anafungua zizi.