Mwalimu Milhim na Viwavi wa Mama

Kila msimu wa hariri, nyumba zote za kijiji chetu mlimani Lebanoni zilifuga viwavi wanaosuka nyuzi zake. Sisi tuliwaweka kwenye nyungo, ndani ya kibanda chenye ushanga wa buluu wa kukinga husuda mlangoni. Mwaka ule mimi, Nazha, nilianza kuchuma majani ya mforsadi alfajiri, yakiwa na umande, nikawalisha. Kisha nilikwenda kusoma kwa Mwalimu Milhim.

Mwalimu huyu alikusanya maneno ya Kiarabu wanayosema watu wa kawaida, ayaandikie kamusi. Pia alifungua darasa la wasichana. Kwetu lilikuwa la kwanza.

Siku moja aliingia kibandani. "Ungo huu mnauitaje, dada?"

"Unautakia nini ungo wangu?" Mama akamjibu.

Alipotoka, Mama alinong'ona, "Leo anauliza jina lake, kesho anautoza kodi. Na hakusema Mashallah!"

Mgeni asiposema hivyo mbele ya viwavi, kwetu huogopwa jicho la husuda. Na kweli, wiki ile viwavi wakalegea, wakaharisha, wakaanza kufa.

"Ni jicho lake!" alisema shangazi Adla, jirani yetu.

"Jumapili nitakwenda kwa mkuu wa kijiji amfukuze, na darasa lake," Baba akasema. "Nazha, usiende tena."

Nilikuwa nimefika katikati ya herufi. Mimi huona haya kusema mbele ya watu, lakini siku hiyo nilisema.

"Baba, aliingia kwa shangazi pia. Mbona viwavi wake ni wazima?"

"We! Usiwataje wangu!" shangazi akafoka.

Baba alimwita Mwalimu, akamweleza yote. Mama akamsimamisha nje ya mlango. "Sema hapo hapo. Na usichungulie!"

"Mashallah, mashallah," alisema Mwalimu. "Adla huchuma majani saa ngapi?"

Mama akacheka. "Huyo? Mpaka jua limtoe kitandani!"

"Basi majani yake ni makavu. Ya kwenu yana umande, na majani yenye maji huwaumiza viwavi tumbo. Kule bonde la chini, wanawake wana neno lao la kuyatandaza kivulini yakauke. Nilipowauliza neno, wakanifundisha na kazi. Watupeni viwavi wagonjwa, safisheni nyungo, kisha mjaribu."

"Tutaona," Mama akasema. "Wakifa, unaondoka."

Tulitandaza majani juu ya mkeka. Jumapili ilipofika, viwavi waliobaki walikuwa wakila kwa kelele kama mvua juu ya paa. Baba hakwenda kwa mkuu. Baadaye viwavi walisuka vifukofuko vya hariri, vyeupe, vigumu. Nami nikarudi darasani.

Miaka ilipita. Mwalimu alifariki, kamusi yake ikafika kijijini. Siku hizi mimi ndiye ninayefundisha wasichana. Jioni moja nilimsomea Mama ukurasa wenye neno lile la kutandaza majani, na jina la ungo wake.

Mama aliukodolea macho.

"Ungo wangu kabisa?"

"Wako, Mama."

Akasogeza kiti karibu, akashusha sauti.

"Na kodi, wameandika kiasi gani?"