Bendera Aliyoishona Mwana Esha

Zama zile Wareno walipokuwa wakitoza miji ya pwani ushuru kwa mizinga, mji wa Shundwani ulikuwa na merikebu zake za vita, na mkuu wa merikebu hizo aliitwa amiri. Ni yeye peke yake aliyepandisha bendera ya kijani yenye pindo la hariri nyekundu, nayo kwa desturi ilishonwa na mkewe.

Shekuwe bin Athmani, nahodha aliyeota mvi vitani, alikuwa na hakika kwamba amiri mpya atakuwa yeye. Akamhimiza mkewe, Mwana Esha, ashone mapema. Bendera ikashonwa, ikafukizwa udi, ikakunjwa. Ijumaa ya kumtawaza amiri mpya ilipofika, sultani akamtawaza Kombo bin Dumila, kijana aliyefundishwa kushika usukani na Shekuwe mwenyewe.

Wivu ukamkaa Shekuwe kooni. Kombo akivaa joho la uamiri, Shekuwe aliona joho lake. Kombo akiamkiwa njiani, Shekuwe alihisi ameibiwa salamu. Na lililomchoma zaidi ni kwamba Kombo hakuacha kumwita mwalimu, tena kwa moyo safi. Laiti angekuwa na kiburi, ingekuwa rahisi kumchukia. Bendera ile Shekuwe hakuichoma moto. Aliitia sandukuni, akawa anasafiri nayo.

Wareno wakaja na merikebu tatu. Mji mzima ukapanda ukutani kutazama, na Kombo alipopandisha bendera yake, wanawake wakampigia vigelegele vilivyofika hadi baharini. Hapo uvumilivu ukamwishia Shekuwe. Akafungua sanduku.

"Ipandishe," alimwambia Mngwame, mkuu wa mabaharia wake.

"Nahodha, hii ni ya amiri. Wareno wakiiona watatumiminia mizinga yote."

"Na waione. Na wale wa ukutani waione pia."

Ikapanda. Wareno walidhani amiri ndiye huyu aliye karibu, wakamwelekea kwa merikebu zote tatu. Mlingoti ukakatika ukamwangukia Mngwame, akafa papo hapo. Shekuwe akapoteza mkono wa kushoto. Kombo, ambaye hakuna aliyekuwa akimwangalia tena, akawajia kwa nyuma, akateka merikebu mbili, na ya tatu ikakimbia.

Vita vilipokwisha, Kombo alipanda kwa Shekuwe, akapiga magoti penye damu.

"Mwalimu, umebeba kifo changu. Kumbe ulishonesha bendera kwa siri ili siku kama hii wakulenge wewe."

Ukweli ulimfika Shekuwe ulimini. Akamtazama Mngwame chini ya mlingoti, akawatazama mabaharia wakilia.

"Ndivyo," akasema.

Mji ukamtungia nyimbo, ukamwita Ngao ya Amiri. Mjane wa Mngwame ndiye aliyeziimba kwa sauti kuliko wote. Mwana Esha, aliyejua alishona lini, hakuimba hata moja.

Shekuwe hakumwonea Kombo wivu tena. Sasa alimwonea wivu yule Shekuwe wa kwenye nyimbo, aliyempenda mwanafunzi wake kiasi cha kumfia, na kila harusi alikaa barazani kumsikiliza.