Pipa la Kilima cha Juu

Mama mwenye shamba la mizabibu alilia kwenye simu kana kwamba amefiwa, hivyo Inspekta alifika asubuhi ile akifuatwa na gari la kubebea maiti. Alichoonyeshwa ghalani ni pipa tupu.

"Afande, gari lirudi?" Sajini aliuliza, akikizuia kicheko.

"Lirudi. Wewe ubaki."

Pipa lilikuwa mahali pake, katikati ya mengine yaliyojaa. Mvinyo wote ulikuwa umetiririka kwenye mfereji wa maji machafu, na sakafu ilikuwa bado imelowa wekundu uliokoza. Mlango haukuvunjwa.

"Wamelilenga hilo hilo!" mama alisema, akijifuta macho kwa kiganja. "Zabibu za kilima cha juu, afande. Majaji wa mashindano wanakuja leo alasiri kuuonja. Tungeshinda, shamba lingepata jina. Sasa niwape nini, maji ya bomba?"

"Nani wana funguo?"

"Sisi wa nyumbani tu. Mimi, mabinti zangu wawili na mkwe wangu, mume wa mdogo."

Mezani zilipangwa chupa zenye lebo mpya, zikingoja mvinyo. Zote zilisomeka: *Mkono wa Kitinda*.

"Kitinda ndiye nani?"

"Binti yangu mdogo, fundi wetu wa mvinyo. Lebo zililetwa jana. Tulizitazama sote mezani, tukafurahi."

"Sote?"

Mama alifikiri kidogo. "Mkubwa aliondoka mapema. Alisema amechoka."

Sajini alichukua alama za vidole kwenye koki ya pipa. Zilikuwa za nyumba nzima, zimepandana, hazikumfaa mtu. Lakini Inspekta aliona jambo jingine. Koki ilikuwa imefungwa tena, na pipa lilikuwa limesuuzwa. Alikichomoa kizibo cha juu, akanusa, akarudi nyuma akikohoa. Ilikuwa harufu kali, kama ya njiti ya kiberiti iliyotoka kuwaka. Chini ya kizibo ulining'inia waya, na kwenye ncha yake kipande cha kitambaa cha buluu kilichoungua nusu.

"Mwizi gani huyu anayefanya usafi?" alinong'ona Sajini.

Wa kwanza kuhojiwa alikuwa mkwe, muuzaji wa mvinyo.

"Ni wewe uliyefunga ghala jana?"

"Nilifunga, nikaenda zangu. Nimwage kitu kinachonilisha? Mke wangu angenitafuna mbichi, afande."

"Pipa likibaki tupu, hufanyiwa nini?"

"Hu... huviringishwa nje?"

"Nenda kapumzike, bwana."

Kitinda aliingia macho yamemvimba.

"Wewe hulitunzaje pipa tupu?" Inspekta aliuliza.

"Huliosha kwa mvuke."

"Na salfa?"

"Salfa haiingii kwenye mapipa yangu, inaacha harufu ya kiberiti. Marehemu baba ndiye aliyekuwa akiichoma ndani kwa kipande cha kitambaa, ili mbao zisiote ukungu na mvinyo unaofuata usigeuke siki. Niliposhika kazi niliuacha mtindo huo. Dada hakusema nami wiki nzima..."

Aliziba mdomo kwa mkono.

"Afande, mimi sikusema kitu."

"Hukusema," alijibu Inspekta kwa upole.

Kilima cha juu kilikuwa cha kokoto tupu. Dada Mkubwa alikuwa huko, mkasi wa kupogolea mkononi, akikata matawi bila haraka. Kila mzabibu ulikuwa umefungwa kwenye nguzo yake kwa kitambaa laini cha buluu.

"Kwa nini usitumie waya?" Inspekta aliuliza.

"Waya huikata ngozi ya mti."

"Na hapa zabibu hupataje nguvu, kwenye mawe haya?"

Uso wake ulichangamka. "Kwa sababu ya mawe haya haya! Mizizi inahangaika, inakwenda chini sana kutafuta maji. Zabibu zinakuwa ndogo, ganda nene, na rangi na ladha zote zimo kwenye ganda. Kule bondeni zinakunywa maji kama ng'ombe, mvinyo wake mwepesi, hauna la kusema. Majani napunguza upande wa jua la asubuhi tu. La alasiri lingezibabua. Na kuchuma, ni mimi ninayeonja hadi niseme sasa."

"Na Kitinda?"

"Kitinda hupelekewa vikapu."

Inspekta alitoa kitambaa kilichoungua, akakiweka juu ya kiganja chake, karibu na kile kilichofunga mzabibu. Mkasi ulisimama.

"Mtu aliumwaga mvinyo," alisema Inspekta, "kisha akalisuuza pipa na kulichomea salfa, kama alivyofundishwa na baba yake. Kwa nini ulihangaika nalo?"

Dada Mkubwa alikaa chini kwenye kokoto.

"Pipa halikunikosea, afande."

"Nani alikukosea?"

"Wiki iliyopita alikuja mgeni, akaonja, akasema, 'Mkono gani huu!' Wote wakamgeukia Kitinda. Mama, shemeji, wote. Hakuna aliyetazama dirishani, na kilima chote kinaonekana pale. Nikameza. Jana nikaziona lebo. Mkono wa Kitinda! Mikono yangu hii ni makwato?" Alinyoosha vidole vyake, vyeusi kwenye mikunjo. "Nilimwonea wivu hata nikashindwa kula. Alfajiri nikafungua koki. Nilitaka asiwe na cha kusifiwa. Ulipokuwa ukitiririka nilisikia harufu ya kilima changu, nikajua nimeumwaga na wa kwangu. Lakini sikuifunga mpaka ukaisha."

Aliyarudia maelezo hayo mbele ya Sajini bila kubadili neno.

Kitinda aliwakuta kwenye gari.

"Dada! Ungeniambia!"

"Nikuambie nini, uniazime jina? Tangu utoto kila kizuri ni cha Kitinda."

"Na mizabibu, nani ataipogoa?"

"Si una mkono?"

Kitinda alipokea neno hilo kama kofi. Dada Mkubwa alipanda, akatazama mbele. Inspekta aliwasha injini. Gari lilipoanza kusogea, sauti ilitoka kiti cha nyuma, ikikwaruza:

"Anzeni na mistari ya mwisho juu. Na asikate mtu kwa haraka. Jicho la tawi libaki limeelekea nje."

"Sijui jicho la tawi ni lipi," alisema Kitinda dirishani.

Alitembea sambamba na gari, ameshika dirisha.

"Dada, nionyeshe. Sijui."

Inspekta aliwatazama wote wawili kwenye kioo, kisha akazima injini.