Shavu la Ng'ombe la Mama Odile

Mgeni aliingia kwa mlango wa nyuma wa mgahawa, mvua ya Lyon ikimchuruzika kwenye koti la sufu, mkononi ana shavu la ng'ombe ndani ya karatasi.

"Samahani, dada. Naitwa Ghislain, nauza nyama huko kilimani. Mama yangu alitibiwa koo kwa mionzi, hatafuni tena. Nasikia nyama yako hukatwa kwa kijiko."

Maëlle, mpishi, alipangusa mikono kwenye aproni. "Ni kweli. Naifunga kwenye mfuko wa plastiki, nanyonya hewa yote, inalala siku mbili kwenye beseni la umeme, maji ya moto yasiyochemka."

"Siku mbili? Ng'ombe mwenyewe hakuoga hivyo maisha yake yote."

Maëlle alicheka, naye Ghislain akarudi wiki iliyofuata, na iliyofuata, hadi akawa anamwita kipenzi. Mama Odile, mamake Ghislain, alimwomba Maëlle jambo moja tu: shavu la siku yake ya kuzaliwa, Jumanne. Maëlle akaahidi.

Kisha akaitwa kazini Paris, katika hoteli aliyoiota tangu chuoni. Aripoti Jumatatu.

"Nenda, kipenzi," Ghislain alisema, akitazama sakafu.

Jumapili nyama aliyoiwahisha kabla ya safari ilikuwa karibu kuiva. Maëlle aliporudi kutoka kufunga sanduku la safari, alikuta mfuko umejaa maji.

"Umefanya nini?"

"Nimeichoma kwa ncha ya kisu, nione kama imeiva. Babu alifanya hivyo, baba pia."

"Kwenye chungu, Ghislain! Hapa umeiharibu. Au ulitaka nisiondoke?"

Uso wa Ghislain ulikwajuka. "Kama ndivyo unavyoniona, panda treni yako." Akatoka bila koti.

Maëlle alibaki na mvumo wa beseni, beseni kuukuu lisiloweza kuachwa peke yake. Alitoa shavu jingine kwenye jokofu, akalifunga, akalizamisha. Ndipo akapiga simu Paris, akaomba kuchelewa siku mbili.

"Kesho asubuhi," sauti ilisema, "au nafasi ni ya mwingine."

"Basi mpe mwingine, bwana."

Jumanne alipanda kilima, koti la Ghislain begani, shavu lililoiva mkononi. Ghislain ndiye aliyefungua.

"Na Paris?"

"Imepata mtu."

"Maëlle, sikukusudia kukuzuia."

"Najua. Nilikuonea. Shika koti lako, nyama isipoe."

Mama Odile alikuwa mezani. Alizamisha kijiko, nyama ikaachia yenyewe. Akameza polepole, nao wawili wamesimama mkono kwa mkono, wakilitazama koo lake.