Sauti ya Bibi Ndani ya Kompyuta

Kila alasiri, jua lilipopenya pazia jepesi, Mama Sindano alisimamisha cherehani yake. Nyuzi ndogo zilielea kwenye mwanga, zikapanda na kushuka bila haraka. Alimsogeza mama yake mbele ya kompyuta ya mezani, kisha akabonyeza kitufe cha kuwashia.

Mama yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi, alikuwa mwalimu wa chekechea. Aliwaimbisha watoto mpaka alipostaafu. Kisha kiharusi kikampokonya sauti. Mtaalamu wa usemi hospitalini aliwaambia, "Msikilizisheni nyimbo zake mwenyewe. Ulimi utaanza kukumbuka njia, polepole."

Bahati nzuri, nyimbo zake zilikuwa zimerekodiwa kwenye kompyuta ile. Bibi alisikiliza amefumba macho. Midomo yake ilichezacheza kama ya mtu anayezungumza ndotoni.

Siku moja kompyuta iligoma. Taa iliwaka, feni ikazunguka, lakini skrini ilibaki nyeusi. Kutoka ndani ukasikika mlio: pii, pii, pii.

"Ipige kofi ubavuni, itaamka," alisema mume wa Mama Sindano, mpaka rangi.

"Hii si punda, mume wangu!"

Wakaizima na kuiwasha tena na tena. Ni pii, pii tu. Bibi alifumbua macho, akaitazama skrini. Chozi likamshuka shavuni.

Mama Sindano hakungoja. Alikwenda kwa jirani yao, Fundi Miwani, mama aliyetengeneza kompyuta za chuo.

"Dada, nyimbo za mama zimepotea!"

"Tulia, mdogo wangu. Tuone kwanza, tulie baadaye," alijibu fundi, akachukua bisibisi na brashi laini.

Alipofika alimwamkia Bibi kwa heshima, kisha akainama kuisikiliza kompyuta kama daktari asikilizavyo kifua.

"Anzeni na mambo ya nje," alisema. "Je, skrini ina umeme? Waya wake umekaza?" Walishika kila waya. Zote zilikuwa sawa. "Basi tatizo liko ndani. Mlio huu ni lugha yake. Kila aina ya kompyuta hulia kivyake, lakini mlio na skrini nyeusi mara nyingi hunifanya nitazame ramu."

"Ramu ndiyo nini?"

"Ramu ni kama meza yako ya kukatia kitambaa. Diski ni kabati lako. Meza ikilegea, kazi haifanyiki. Lakini nguo ziko salama kabatini."

"Kwa hiyo nyimbo zipo?"

"Naamini zipo. Sasa tuzime na tuchomoe waya wa umeme ukutani. Usifungue kompyuta ikiwa bado kwenye umeme. Haya, bonyeza kitufe cha kuwashia, kishikilie kidogo, umeme uliobaki uishe."

Mama Sindano akafanya hivyo. Fundi akafungua ubavu wa kompyuta. Ndani kulikuwa na vumbi la kijivu, laini, limelala juu ya kila kitu kama ukungu juu ya paa za mji mdogo.

"Sanduku hili dogo la umeme humu ndani halifunguliwi kamwe, ni hatari," alionya. Aligusa chuma cha kasha la kompyuta ili umeme wa mwilini usiharibu kitu. Akaizuia feni kwa kidole, akapiga brashi. Vumbi likapaa kwenye mwanga wa jua, likazunguka chumba kizima.

Nyuma yao, sauti nzito, ya kukwaruza, ikasema:

"Vu... mbi!"

Waligeuka. Bibi alikuwa amemnyooshea kidole mkwewe, aliyekuwa na zamu ya kufagia chumba.

"Mama, umesema!" Mama Sindano akamkumbatia, huku anacheka na kulia.

"Neno la kwanza, nalo ni la kunishtaki," alinung'unika mpaka rangi, lakini machozi yalimtoka.

Fundi alitoa kadi ya ramu akiishika pembeni, akayafuta meno yake ya chuma kwa kitambaa kikavu, akairudisha. "Isukume mpaka usikie *tak*." Mama Sindano akasukuma. *Tak*. Wakafunga, wakachomeka, wakawasha. Skrini ikang'aa, na nyimbo zote zilikuwepo.

"Usiishie hapo," alisema fundi. "Nakili nyimbo kwenye flashi, uiweke mbali na kompyuta. Diski nayo hufa."

Siku hiyohiyo walinakili. Kompyuta ikapandishwa juu ya stuli, mbali na nyuzi za cherehani. Mpaka rangi aliifunika kila ilipozimwa na kupoa. Haikugoma tena.

Nyimbo ziliendelea kila alasiri, na maneno yakamrudia Bibi mojamoja. Kisha siku moja akaanza kuimba, taratibu, pamoja na sauti yake ya zamani. Katikati ya wimbo akainua mkono. Mama Sindano akausimamisha haraka.

"Mama, unaumwa?"

Bibi akatikisa kichwa, akatabasamu.

"Hapo nilikosea," alisema. "Rudisha nyuma. Nitauimba vizuri."