Kiti Ndani ya Jicho

Mishono ndiyo iliyoanza kupinda. Fundi cherehani mmoja, ambaye wateja walimsifu kwamba hata akishona amefumba macho mshono wake utanyooka, alirudishiwa suruali iliyokwenda kombo, kisha gauni, kisha mapazia ya watu. Yeye aliapa kwamba kazi yake ilinyooka. Vilivyopinda, alisema, ni vizingiti vya milango.

Mke wa kaka yake, aliyekuwa mpiga picha wa macho kwenye kliniki, alimtania kwamba uzee umeshapiga hodi. Waliishi nyumba moja na walipendana kuliko mawifi wengi. Fundi hakujaliwa mtoto, na tangu mimba ya wifi yake ionekane, alishona vinguo vya kichanga kama vile aliyebeba ni yeye. Basi wakafuatana kliniki.

Kwenye chumba chenye giza, fundi aliweka kidevu kwenye mashine, na wifi yake akapiga picha ya retina, ile ngozi laini iliyo nyuma kabisa ya jicho, inayopokea mwanga. Juu yake palikuwa na utando mwembamba wenye mikunjo, kama ule wa maziwa yaliyochemshwa yakaachwa yapoe. Huo haukumtisha, maana alishauona kwa wazee wengi. Kilichomtisha ni harufu. Jicho halinuki, lakini kutoka kwenye lile lililokodolewa mbele ya lenzi ilimjia harufu ya maziwa yaliyochacha hadi yakaota ukungu, naye akageuza uso ili asitapike.

Akapiga picha ya pili. Mikunjo ilikuwa imehama, imekusanyika katikati kama midomo ya mtu anayenyonya.

"Wifi, umetikisika?" aliuliza.

"Hapana," fundi alijibu kwa sauti ya chini. "Kuna kitu kinanilamba kwa ndani."

Daktari wa macho alizitazama picha, akasema mgonjwa alitikisika tu, na kwamba utando wa namna hiyo hubanduliwa kwa kibano kidogo, jicho likapona. Wakati wakisubiri siku ya upasuaji, lile jicho lilianza kutoa tongotongo ambazo hazikuwa tongotongo. Fundi alipojifuta, kwenye leso vilibaki vipande vya ngozi laini, vyenye ute, vilivyojikunja vyenyewe, na hata nzi hawakutua juu yake. Kaka yake alikuwa akiacha chai mezani na kutoka nje.

Siku ya upasuaji mpiga picha alikuwemo chumbani. Daktari aliingiza kibano ndani ya jicho, akaushika utando pembeni, akavuta, na ule utando, ambao ulipaswa kuwa mdogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, ukatoka, ukaendelea kutoka, ukarundikana kwenye sahani kama utumbo wa kuku, mweupe, unaoteleza, ukijaza chumba kizima harufu yake, hadi muuguzi alipoziba mdomo kwa mkono, na ndipo ulipojikusanya, ukapanda shavu la mgonjwa taratibu kama konokono na kuingia tena ulikotoka.

Daktari alikwenda kunawa mikono, akanawa tena na tena. Kisha akamwambia mpiga picha, "Ile siyo ngozi ya mtu. Tafuteni msaada mwingine."

Kaka mtu akamleta mganga, mama mpole aliyekuja mchana kweupe na mkoba wake wa sokoni. Alimfukiza fundi ubani, akamwuliza aliyekaa humo ni nani na anataka nini. Kilichojibu kilitumia mdomo wa fundi, lakini sauti ilikuwa na majimaji, kama ya mtu anayesema huku mdomo umejaa uji.

"Kiti hiki kimechakaa. Nataka jicho ambalo halijaona kitu."

Na mkono wa fundi ukanyanyuka, ukaelekea tumboni kwa wifi yake.

Mganga aliufunga mkoba wake. Aliwanong'oneza kwamba jini huyo hatoki bila kupewa kiti, yaani mwili mwingine wa kukalia, na kiti anachokitaka, yeye mganga hawezi kukitoa.

Fundi alipozinduka aliuliza kimesemwa nini. Alimwona wifi yake ameshika tumbo kwa mikono miwili, akaelewa. Kesho yake alikwenda kwa daktari peke yake, akamwomba aling'oe lile jicho. Daktari hakubishana naye. Lilichomwa kwenye tanuri la taka la kliniki, na moshi wake uliwatapisha wagonjwa waliokaa barazani.

Fundi alirudi nyumbani na kitambaa juu ya tundu la jicho, akawaambia kwamba sasa atawaona nusu nusu, kwa hiyo hata makosa yao yatapungua. Walicheka mpaka wakalia. Mishono ikanyooka, na nyumba ikapumua.

Mpiga picha aliposhikwa na uchungu, wifi yake ndiye aliyemshika mkono kwenye chumba cha kujifungulia. Mtoto alitoka na ngozi nyembamba usoni. Mkunga alisema si ajabu, wapo watoto wanaozaliwa hivyo na ni bahati, akapeleka kidole aibandue, lakini ile ngozi ikakikwepa kidole chake, ikajivuta juu ya macho ya mtoto, ikakunjamana katikati na kufanya midomo, na ile midomo ikaanza kunyonya, huku mtoto akigeuka rangi ya bluu bila kutoa sauti.

Mkunga akarudi nyuma. Fundi akavua kitambaa chake.

"Kiti chako ni mimi," alisema polepole, kama anayebembeleza. "Rudi."

Aliinama akaliweka lile tundu juu ya uso wa mtoto, kama anayembusu. Ikasikika sauti ya kitu chenye ute kikifyonzwa, kirefu, hakiishi, na mkunga akatapika ndani ya beseni la maji ya moto. Kisha mtoto akalia.

Fundi alifunga kitambaa, akajifuta ute uliomtiririkia hadi kidevuni. Mpiga picha, kwa machozi, alimnyooshea mtoto ambebe, lakini mwenzake alishafika mlangoni, ameshikilia kitambaa kwa kiganja ili kisitikisike.

"Mnyonyeshe, wifi," alisema. "Mimi usinipe nimbebe. Leo wala kesho."