Shati la Baba Merdi

Lucien huchimba madini ya kobalti karibu na Tenke, nchini Kongo. Nyumbani Kolwezi hufika mara moja kwa mwezi. Siku za katikati ni ndefu, jamani! Mkewe Ndaya alijitafutia dawa ya upweke: shati chafu la kazi la mumewe. Hakulifua, harufu isipotee. Merdi, mtoto wao wa mwaka mmoja, akimlilia baba yake, Ndaya alimfunika nalo.

Merdi akaanza kukohoa. Alipewa dawa kituo cha afya. Kikohozi kikapungua, kisha kikarudi.

Siku moja alipita Mama Huguette, anayefundisha mambo ya afya nyumba kwa nyumba. Alimkuta Merdi amelala na shati lile. Akaligonga kwa kidole. Vumbi likaruka.

"Mama Merdi, mutoto analalaka na hii?"

"Ndiyo, mama. Kwake, hii njo baba mwenyewe."

"Hapana, hii njo mine, mugodi yenyewe! Vumbi ya madini inaingia mu kifua. Inaumizaka bakubwa, sembuse mutoto?"

Ndaya alikasirika. "Lucien anasema kobalti inaenda mu batri ya magari ya umeme. Magari yenye haina moshi. Inasafisha hewa!"

"Ni kweli, kule barabarani haina moshi. Lakini vumbi ya kuchimba inabakia huku kwetu."

"Na hamu yangu, mi nitaiweka wapi?"

Huguette akaketi kando yake. Yeye pia ni mke wa mchimbaji.

"Najua, mwenzangu. Lakini usikung'ute ile shati. Lowesha kwanza. Fula na sabuni, peke yake, mbali na kisima na masahani. Baba akifika, aoge, abadilishe nguo, kisha njo abebe mutoto. Na Merdi umurudishe ku kituo. Ubaambie juu ya vumbi."

Ndaya alilowesha shati. Maji yakawa mekundu, kisha meusi. Alilia. Harufu ya Lucien ilikuwa inakwenda, naye hakuwa na nyingine.

Mwisho wa mwezi Lucien alifika. Merdi, aliyekwisha kurudishwa kituoni na sasa hakohoi tena, alinyoosha mikono. Lucien naye akanyoosha yake.

"Simama pale pale!" Ndaya alipaza sauti.

"Yo! Mutoto wangu, hata kumugusa?"

"Sabuni kwanza, baba Merdi."

Alimweleza yote. Lucien alioga mbio mbio, povu likabaki masikioni. Akavaa nguo safi. Merdi akamrukia shingoni.

Ndaya alisogea, akaweka pua begani mwa mumewe. Sabuni tu. Akangoja kidogo. Kisha akamnusa yeye mwenyewe, Lucien, bila shati lolote.